Kumtendea wema usiyemjua: yanayosemwa Moshi na ukweli wake

Daladala ya asubuhi kutoka Kiboriloni kwenda mjini hujaa mpaka mlangoni. Aliyesimama anamkabidhi aliyekaa mkoba wake, naye anaupakata hadi stendi, kisha kila mtu anashika njia yake bila hata kuulizana jina. Hakuna anayeuita huo msaada. Mambo ya namna hiyo ndiyo ninayoyazungumzia hapa: kupakata mzigo wa mtu, kumsogelea kwenye benchi, kumwelekeza mgeni, kumsifia mama wa genge mchicha wake. Ni madogo, ila maneno yanayosemwa juu yake ni mengi, na mengi hayana ukweli.

Dhana: Mtu usiyemjua anataka aachwe na mambo yake

Hii ndiyo mama wa zote. Tunapanda gari, hedifoni masikioni, kila mmoja akiamini jirani yake hataki maneno. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walilipima jambo hili kwa abiria wa treni na mabasi mjini Chicago, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Abiria wengine waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao kimya, wengine wasafiri kama walivyozoea. Walioifurahia safari zaidi ni wale waliozungumza. Watu wengine walipoombwa wakisie tu, walikisia kinyume kabisa: walidhani raha iko kwenye kukaa kimya.

Utasema Chicago si Moshi, na ni kweli. Huku ukikaa pembeni ya mzee bila shikamoo, utaonekana hukulelewa. Lakini tuseme ukweli, salamu zetu nyingi za mjini siku hizi ni "habari", "nzuri", halafu macho kwenye simu. Mwaka huohuo wa 2014, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti kutoka mgahawa mmoja wa kahawa huko Vancouver, Kanada. Wateja walioambiwa wamtazame muuzaji usoni, watabasamu na wazungumze naye kidogo walitoka na furaha zaidi, na wakajiona ni sehemu ya jamii, kuliko walioambiwa wanunue haraka na kuondoka. Kwa mama ntilie tofauti hiyo unaijua. Kuna "nipe chapati mbili", na kuna "Shikamoo mama, leo kuni mbichi nini, mbona moshi umekuandama?" Chapati ni zilezile mbili, na hujachelewa popote.

Dhana: Msaada mdogo ni aibu, bora kuacha

Epley na mwenzake Amit Kumar waliwafuata watu kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu, tena Chicago, wakawapa kikombe cha chokoleti ya moto wamgawie mtu wasiyemjua. Waliotoa walidhani wamefanya kitu kidogo. Waliopokea walikiona kikubwa kuliko hivyo, na walifurahi kuliko watoaji walivyotegemea. Sababu, kwa mujibu wa watafiti hao, ni kwamba mtoaji anahesabu kitu chenyewe, ila mpokeaji anahesabu pia kwamba mtu amemjali.

Nenda KCMC, hospitali yetu ya rufaa hapa Moshi, asubuhi utaona. Hospitali ile inahudumia kanda nzima ya kaskazini, kwa hiyo mabenchi yake yamejaa watu waliotoka mbali. Kijana kafika kutoka Same na mama yake, kashika bahasha ya rufaa, anageuka huku na huku. Dada aliyekaa hapo tangu alfajiri anamwita: "Kaka, mkalishe mama hapa kwanza. Nipe hiyo karatasi nione, nitakuonyesha unapoanzia." Dada huyo akifika nyumbani hatalikumbuka. Yule kijana atalisimulia Same.

Dhana: Wema ni wa wenye nacho

Dunn, Lara Aknin na Michael Norton waliwapa watu dola 5 au 20 wazitumie siku hiyohiyo, wengine kwa ajili yao wenyewe, wengine kwa ajili ya wenzao. Utafiti ulitoka mwaka 2008. Waliozitumia kwa ajili ya wenzao ndio waliomaliza siku na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikubadili kitu. Hela ya pango, bila shaka, ibaki kuwa ya pango.

Dhana: Anayempita mwenye shida ana roho mbaya

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwachunguza wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, vijana wanaosomea mambo ya dini. Kila mmoja alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba, na baadhi yao walikuwa wameandaa kuhusu Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyemsaidia majeruhi njiani baada ya wengine kumpita. Njiani aliwekwa mtu ameinama, anakohoa na kuugulia. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana.

Mimi naona utafiti huu unatuhusu sana, sisi wa mji wenye makanisa na misikiti kila mtaa. Ukitoka nyumbani dakika za mwisho umeshaamua kuwapita watu kabla hujawaona.

Dhana: Upweke ni ugonjwa wa Wazungu

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini ni takriban asilimia 24, dhidi ya 11 hivi katika nchi tajiri. Huku kwetu Desemba vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinajaa magari na watoto; Januari ikiingia, bibi anabaki na migomba yake. Mjini kuna mpangaji wa chumba kimoja Pasua ambaye wikiendi nzima hakuitwa jina. Salamu haitibu sonona, huyo anahitaji mtaalamu, lakini kwa mtu aliye mpweke tu, jirani anayesimama getini dakika mbili si jambo dogo.

Dhana: Ukimchangamkia usiyemjua utatapeliwa

Matapeli wapo, na stendi ndiyo ofisi yao. Ila wema haukudai umpe mtu simu, namba ya siri, wala umfuate anakokwenda. Akija mtu na "dada, naomba simu nimpigie mjomba", mwambie akutajie namba, piga wewe mwenyewe, weka spika, na simu ibaki mkononi mwako. Mwenye shida ya kweli ataongea na mjomba wake hivyohivyo.