Msumbiji haikupewa uhuru na mapinduzi ya Lisbon

Nafundisha historia fom faivu na siksi, na hii nimeisoma kwenye madaftari mpaka nimechoka: eti Msumbiji ilipata uhuru kwa sababu wanajeshi wa Ureno walipindua serikali yao, basi. Juzi mtu mzima kabisa kairudia kwenye grupu la WhatsApp. Jamani, hapana.

Mapinduzi ya 25 Aprili 1974 yalikuwepo, sawa. Sasa jiulize wale maofisa walichoshwa na nini. Na vita, Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kwa mpigo, vijana wa Kireno wanakimbilia Ufaransa kukwepa jeshi, na mwaka 1970 jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu ya askari Cabo Delgado akidhani anaimaliza FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kumbe FRELIMO wakazidi kusonga Tete, baadaye Manica na Sofala. Vita ndiyo ilizaa mapinduzi, msigeuze.

Na hata baada ya hapo Jenerali Spínola, aliyeshika urais wa Ureno, hakutaka kuachia, alitaka shirikisho. Juni Mário Soares, waziri wa nje wa Ureno, akaja Lusaka anataka mapigano yasimame kwanza, Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, akagoma, kubalini uhuru kwanza. Julai FRELIMO wakafungua fronti Zambézia, tarehe 1 Agosti wakaizingira kambi ya Omar, kule karibu na Ruvuma, wakawaita Wareno kwa vipaza sauti wajisalimishe, jamaa wakatoka, wakavushwa Tanzania kama mateka. Mkataba wa Lusaka, wa Ureno kukubali uhuru wa Msumbiji, ukasainiwa 7 Septemba, na siku hiyohiyo walowezi wakavamia redio Lourenço Marques (Maputo ya leo) kuupinga. Ndo maana nawaambia wanafunzi wangu anzeni kusoma na mauaji ya Mueda, Wareno walipowapiga risasi raia kule Cabo Delgado 16 Juni 1960, Lisbon mtaikuta mbele.

Mengine haraka haraka. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, hakufia msituni, aliuawa hapa Dar kwa bomu la kwenye kifurushi, 3 Februari 1969. "Tanzania ndo iliwakomboa": tuliwapa kambi Kongwa na Nachingwea, tukawapa njia na hifadhi, na ni jambo kubwa, ila waliobeba vita ile miaka kumi ni Wamsumbiji wenyewe. Na makoloni ya Ureno hayakupata uhuru siku moja, Guinea-Bissau ilijitangazia 24 Septemba 1973, Msumbiji 25 Juni 1975, Angola 11 Novemba mwaka huohuo.