Trela Umeiona, Gemu Hujaiona Bado

Mwenye chumba kimoja cha gemu pale Ngarenaro, hapa Arusha, kanitumia tena trela, ile video fupi ya kutangaza gemu, kwenye WhatsApp, na ujumbe ni ule ule ninaoupata kwa wenzake wa Sakina na Kijenge: "Mkuu, picha za hii si mchezo. Niweke oda?" Nimechoka. Kazi inayonilisha ni kubuni gemu, lakini swali la namna gemu inavyochezeka silisikii kabisa. Ni picha, picha, picha. Basi naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya.

Dhana: Picha zikiwa kali, gemu ni kali

Trela ni tangazo. Mara nyingi hata haitengenezwi na wale wanaotengeneza gemu. Inapewa kampuni nyingine inayojua kukata video na kupanga muziki. Mwaka 2005, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Sony ilionyesha gemu ya Killzone 2 ya PS3, konsoli yao (mashine ya kuchezea gemu), na watu wakabaki midomo wazi. Kumbe ile ilikuwa video iliyochorwa kwa kompyuta ili kuonyesha studio inatamani kufika wapi. Hakuna aliyekuwa ameshika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Gemu yenyewe ilitoka 2009, na ilikuwa nzuri, ila wachezaji wengi walilalamika kwamba pedi inachelewa kuitika, mpaka ikaja apdeti ya kupunguza tatizo. Sasa niambie, ile video ya 2005 ingekuonyeshaje hilo?

Watch Dogs nayo ilionyeshwa 2012, ikatoka 2014, na kelele zikawa nyingi kwamba mwanga na mvua vimepungua. Mimi kelele zile hazikunigusa sana. Mvua ikipungua unaendelea kucheza. Gari likiwa halishikiki kwenye kona, hapo ndipo unapozima na kwenda kulala.

Ninapoitazama gemu ambayo haijatoka, kwanza nazima sauti. Fanya hivyo na wewe, leo hii. Muziki wa trela unafanya nusu ya kazi: unakwambia lini ushtuke, lini usisimke. Ukiuondoa unabaki na kinachotokea kwenye kioo. Halafu natafuta kitendo: vidole vya mchezaji vitakuwa vinafanya nini, tena na tena, kwa saa nyingi? Kuruka? Kukwepa? Kulenga? Kama nimemaliza dakika mbili za trela na bado siwezi kutaja kitendo hicho, sijaona gemu.

Hata ile inayoandikwa kuwa ni uchezaji halisi ina dalili zake. Angalia kamera: ikizunguka polepole na laini kama ya harusi, ujue hakuna kidole cha mtu pale. Mtu wa kawaida akishika pedi kamera inaruka, inapitiliza, inarudi. Angalia kama mita ya uhai, idadi ya risasi na ramani ndogo vipo kwenye kioo. Angalia kama kuna anayekosea. Kwenye maonyesho ya kupangwa hakuna risasi inayokwenda pembeni wala mtu anayejigonga ukutani, na wachezaji wenza wanaongea kwa zamu kama waigizaji wa redioni.

Sisi wabunifu tunajaribu gemu ikiwa bado mbaya kwa macho: maboksi ya kijivu, mhusika asiye na sura, sakafu tupu. Isiponoga hapo, rangi haitaiokoa. Nintendo walipokuwa wanaandaa The Legend of Zelda: Breath of the Wild walitengeneza jaribio bapa, linalofanana na Zelda ya kwanza ya 1986, ili waone kama moto, upepo na miti vinaathiriana kwa namna inayofurahisha. Wenyewe walilionyesha hadharani mwaka 2017. Ukimwonyesha kijana wa kibandani video ile bila kumwambia ni nini, atacheka.

Kuna vitu vizuri kabisa ambavyo jicho halivioni. Kwenye Celeste ya 2018, mhusika akishatoka ukingoni, gemu bado inakuruhusu kuruka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa macho umeshachelewa; kwa mkono unahisi umewahi. Usingeambiwa usingejua, ungesema tu "hii gemu inanisikia". Na gemu ya fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30, inabadilisha picha kila milisekunde 33 hivi, ya fremu 60 kila 17. Tofauti hiyo huwezi kuipima kwenye simu, bando limebanwa, video inakwama kila baada ya sentensi.

Na kwa kuwa nimefika hapo: ndugu zangu wenye vyumba vya gemu, luninga nyingi za siku hizi zina modi ya gemu ndani ya setingi. Iwasheni! Bila hiyo luninga inaipamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na mteja anabonyeza leo, mpira unapigwa kesho. Kisha mnaniambia pedi ni mbovu.

Dhana: Konsoli yenye nguvu zaidi ndiyo yenye gemu bora

Xbox Series X inatajwa kuwa na teraflopu 12 (kipimo cha kasi ya mashine kupiga hesabu), PS5 kumi na kidogo. Nintendo Switch ya 2017 iko chini mno ya hizo, na imeuza zaidi ya milioni 150. Tuendelee.

Dhana: Ikiahirishwa, maana yake inaiva

Au kinyume chake: ikiahirishwa imekufa. Nasikia zote mbili, wakati mwingine kwa mtu mmoja. Breath of the Wild ilitarajiwa 2015, ikaja 2017, ikawa hazina. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997, ikatoka 2011, na ilikuwa aibu. Cyberpunk 2077 ilisogezwa mara tatu ndani ya 2020, ikatoka Desemba, na siku chache baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake kwa sababu ya hali yake, hasa kwenye PS4. Ilirudi Juni 2021. Kuchelewa peke yake hakukwambii chochote. Sikiliza wanasema wanarekebisha nini. Wakisema wanataka kufikia "kiwango mnachostahili", hawajasema kitu.

Dhana: Kampuni kubwa haiwezi kukosea

Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba ilizimwa na watu wakarudishiwa pesa. Wiki mbili.

Dhana: GTA 6 tutaicheza tu hata kwenye PS4

Hapana. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S. Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023, na tarehe imeshahamishwa kutoka 2025 hadi Mei 2026, kisha Novemba 2026. Anayekusanya pesa za oda Arusha hii kwa ahadi ya kuiweka kwenye PS4, mdai hela yako.

Dhana: Gemu iliyopendwa duniani itapendwa kibandani kwangu

Hii inaumiza mfuko. Astro Bot ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2024, na ni kazi safi, naipenda. Lakini ni ya mtu mmoja. Ukiiweka chumbani kwako kijana mmoja atakaa na pedi, watano watasimama nyuma yake kwa dakika kumi, kisha watahamia kwa jirani mwenye gemu ya mpira. It Takes Two, iliyotwaa tuzo hiyo hiyo 2021, haichezeki bila watu wawili, na kioo kinagawanywa. Hiyo unaweza kuitoza pesa kwa wawili.

Na hata idadi ya wachezaji usiiamini ikiwa imeahidiwa tu. Halo Infinite iliahidi watu kucheza hadithi yake pamoja kwenye luninga moja. Ilitoka Desemba 2021 bila hicho, na Septemba 2022 wakatangaza wamekifuta kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, subiri itoke, fungua ukurasa wake kwenye duka la PlayStation au Xbox, shuka chini ya picha zote mpaka panapoandikwa idadi ya wachezaji. Wachezaji wa mtandaoni si hesabu yako. Hao kila mmoja anahitaji konsoli yake na bando lake. Tafuta wanaocheza kwenye konsoli moja. Ikiwa ni 1, mwachie mwenye PS5 ya nyumbani.