Anayegonga ndani ya tangi

Umeme ulikatika saa tatu usiku, pampu zikanyamaza, na hapo ndipo mtoto wa kaka yangu aliposikia: ta! Kimya. Halafu tena: ta! Akanipigia simu pumzi zikimwenda mbio.

"Shangazi, kioo kinapasuka!"

"Kioo kikipasuka hakipigi hodi mara mbili," nikamwambia. "Washa tochi, tazama sakafuni. Pana maji?"

"Hapana."

"Basi una mgeni."

Tangi lake la samaki wa baharini ni la lita 300, liko sebuleni kwao Mbweni. Alilirithi kwa mpangaji aliyehama, likiwa na matumbawe laini na samaki watatu. Jiwe moja nilimpa mimi. Lilikuwa likizamisha kamba za mwani za mama mmoja wa Jambiani, likakaa baharini miaka hadi likawa na mashimo kama andazi la hamira. Jiwe la mwamba hai lililovunjwa kwa nyundo siligusi, na yeyote anayeniletea namrudishia. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na hata yasingekuwamo, mwamba unaotulisha hatuuvunji ili tupambe sebule.

Lakini jiwe likishakaa baharini halibaki jiwe tupu. Ni mtaa, na wakaazi wake wengi hawatoki mchana. Ndiyo maana nusu ya ujumbe ninaopokea katika kazi hii ya kutunza matangi ni picha yenye ukungu na swali moja: hiki kidudu gani? Picha hainisaidii sana. Mimi huuliza anatembeaje, anatoka saa ngapi, anakaa wapi, na ukimgusa kwa kijiti anafanya nini. Minyoo miwili inaweza kufanana rangi mpaka mtu ukaapa ni ndugu, lakini mwendo wao ukawatenganisha mara moja.

Kutazama kwenyewe ni usiku, si chini ya saa mbili baada ya kuzima taa. Funga tochi kwa karatasi nyororo nyekundu, ile ya kufungia zawadi, kwa sababu wengi wa viumbe hawa hawaioni vizuri rangi nyekundu. Vuta kigoda, kaa. Dakika kumi za mwanzo hutaona kitu.

Anayewatisha watu kuliko wote ni mnyoo wa manyoya. Ana rangi ya waridi iliyofifia, na kila pingili ina kishada cheupe huku na huku. Ukimgusa, vishada hufumuka. Vile vinywele ni vya chokaa, hukatikia ndani ya ngozi, na vinavyowasha unaweza kudhani umeshika upupu. Ukidungwa usisugue. Bandika selotepu, ing'oe, rudia, kisha paka siki. Zaidi ya hapo hana ubaya mkubwa. Hutoka mzima, hutembea polepole kwa mawimbi ya miguu kama jongoo, anatafuta chakula kilichoanguka na samaki aliyekufa nyuma ya jiwe usikomwona wewe. Wakiwa wengi mno, tatizo ni mkono wako unaomimina chakula. Nilijifunza hilo kwa hasara: miaka ya mwanzo nilimwaga dawa kwenye tangi langu mwenyewe ili niwamalize. Walikufa ndani ya mawe, wakaoza humo, amonia, ile sumu ya uozo, ikapanda, na asubuhi samaki wote walikuwa juu ya maji, ubavu ubavu.

Yuko mnyoo mwingine, jamii ya Eunice, na huyo simtetei. Mwili wake unameremeta rangi za upinde wa mvua, kichwani ana vipapasio vitano, na ana taya. Huyu haachi shimo lake. Hutoa robo ya mwili, hunyakua, na hurudi ndani kwa kasi ambayo jicho haliifuati vizuri. Eunice aphroditois anaweza kufika mita tatu. Mwaka 2009 huko Newquay, Uingereza, wahudumu wa tangi la maonesho walishangaa matumbawe yao yanajeruhiwa usiku, wakaliondoa jiwe moja moja mpaka wakamkuta mmoja wa zaidi ya mita moja. Ukiona taya, toa jiwe lote; usijaribu kumvuta, maana atakatika na kipande kitabaki humo.

Turudi kwa mgongaji. Sauti ya namna ile ina watuhumiwa wawili, na wote watu huwaita kamba tu. Wa kwanza mimi humwita kamba ngumi. Mikono yake huikunja chini ya kifua kama mtu anayeomba dua, na akiifyatua pigo linafika mita 23 kwa sekunde. Anavunja kome, anavunja kaa, na samaki mdogo hana salama. Wa pili humwita kamba bastola. Gando lake moja limekuwa kubwa kupita kiasi, nusu ya mwili wake. Akilifunga kwa nguvu hurusha mchirizi wa maji unaoacha kiputo, na mwaka 2000 watafiti walionesha kwamba mlio ule unatoka kwenye kiputo kinapojifunga ghafla, wala si gando kugonga gando. Anayezamia mwambani ameshausikia: ule mchakacho kama mafuta ya bajia kikaangoni, sehemu kubwa ni wao.

Kuwatofautisha, tazama macho. Ya kamba ngumi yako juu ya vijiti na kila moja huzunguka peke yake. Atakukazia jicho moja huku jingine likifuata samaki. Ya kamba bastola yamefichwa chini ya gamba, naye haoni mbali. Tazama pia makazi. Ngumi hukaa kwenye tundu la jiwe na kutupa magamba matupu mlangoni, bastola huchimba mchanga chini ya jiwe na kuusukuma nje siku nzima kama fundi wa msingi.

Nikamwambia kijana akate chupa ya maji, ageuze shingo ndani kama mlango wa dema, atie kipande cha kamba wa kupikia. Usiku wa kwanza dema lilivua konokono. Usiku wa pili akapiga simu kwa sauti ya chini, kama aliyeona jini. Kimeingia kitu, kina gando moja kubwa. "Macho yake?" nikauliza. "Siyaoni, Shangazi." Hapo nikajua tunaye nani.

Wakati tunamsubiri huyo tuliwahesabu na wengine. Wale viroboto weupe wanaokimbia kiooni ni chakula cha samaki, waache. Koa mwenye kigamba kidogo kama ukucha, ukimbana akaacha kipande cha mwili kama mjusi aachavyo mkia, ni Stomatella. Anakula mwani, mshukuru. Viti vya pweza vidogo visivyolingana mikono huzaana kwa kujigawa, na mara nyingi havina madhara. Kaa mwenye manyoya na ncha nyeusi za magando, mimi humtoa bila kesi. Konokono wa gamba la umbo la pia, lenye michoro mizuri, usimshike kabisa. Jamii ya Conus ina mwiba wa sumu, na sumu ya Conus geographus imeua watu.

Palikuwa pia na aiptasia mbili, wanyama laini wanaonata jiweni na kuwasha, kama minazi midogo ya kahawia inayopitisha mwanga. Hizo usizikwangue, kila kipande kinachobaki mguuni huota upya. Zima pampu, vuta maji ya ndimu kwenye bomba la sindano, lenga mdomoni mwake. Chache kwa siku, maana ndimu ikizidi itaharibu maji. Na yeyote atakayekushauri uchemshe jiwe ili uue kila kitu, usimsikilize. Zile zoanthidi, jamaa wa matumbawe wanaofanana na vifungo vya shati, baadhi yake zina sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wa jiwe lililochemshwa umewapeleka watu hospitali.

"Nimtoe?" akaniuliza, chupa mkononi.

Nikamuuliza ni samaki gani aliyepotea. Hakuna. Nikamuuliza mawe yake yamekalia nini. Yamekalia mchanga. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu fundi wa msingi akichimba chini ya jiwe la kilo sita, litaangukia kioo. Ijumaa baada ya sala nikaenda, tukayainua mawe yote, tukayakalisha juu ya kioo cha chini, mchanga tukaurudisha pembeni. Mgeni tukamwachia.

Juzi umeme umekatika tena. Saa nne na robo ikaingia meseji: "Leo amegonga mara saba."