Shule na zahanati za umma si za wajamaa peke yao

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji na Mwanga, hapa Kigoma, hoja hii haiishi: tumeshaingia soko huria, kwa hiyo shule na zahanati za serikali ni mabaki ya ujamaa, kila mtu ajilipie. Inaeleweka. Waliokulia enzi za Azimio la Arusha la 1967 waliuona ujamaa na huduma hizo vikija pamoja.

Ila nchi za kibepari zenyewe hazikwenda hivyo. Ujerumani ilianzisha bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi mwaka 1883, chini ya serikali iliyokuwa ikiwapiga vita wasoshalisti. Uingereza ilianza matibabu yanayogharimiwa na kodi mwaka 1948, na mabenki ya London hayakufungwa. Mfanyabiashara wa dagaa anahitaji barabara ipitike, na kipindupindu hakiulizi nani ana pesa.

Wala huduma hizi si za bure. Chukua risiti ya sabuni kutoka duka lililosajiliwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani, shuka mpaka chini: kuna mstari wa kodi hiyo, kwa kawaida asilimia 18. Mama muuza mawese aliyeinunua amechangia, hata kama hajawahi kuajiriwa. Petroli ya bodaboda nayo ina tozo ya barabara ndani yake.

Fedha za umma zinakwenda wapi? Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Wengi huondoka kabla haijasomwa, nami nimo.