Je, wajua kwa nini mgonjwa wa akili wa Trieste haanzi kujieleza upya?

Aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kliniki ya afya ya akili anaijua hali hii. Mwezi huu daktari huyu, mwezi ujao mwingine, na kila mmoja anauliza, "Alianza kuumwa lini?" Mnasimulia tena tangu mwanzo. Mwisho mgonjwa anachoka, kadi inabaki juu ya kabati, dawa zinaisha, na baada ya miezi michache anarudishwa wodini akiwa hoi.

Mji wa Trieste, kaskazini mashariki mwa Italia, uliliona pengo hilo mapema. Daktari Franco Basaglia alipofika mwaka 1971 kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya San Giovanni, alikuta wagonjwa wapatao 1,200 wamefungiwa humo. Mwaka 1973 wagonjwa na wasanii waliunda sanamu kubwa ya farasi wa buluu, wakaipa jina la Marco Cavallo, farasi wa kweli aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo chafu za hospitali. Siku ya kuitoa nje, sanamu ikagoma kupita mlangoni kwa ukubwa wake, ikabidi mlango ubomolewe. Mwaka 1980 hospitali yenyewe ikafungwa.

Kufungua lango ni rahisi. Huko nje nani atamshika mtu mkono? Trieste ilijibu kwa vituo vya mitaani, kila kimoja na eneo lake, milango wazi usiku na mchana, na vitanda vichache tu vya kulala aliyezidiwa. Kila mtu ana kituo chake, na wahudumu ni wale wale. Muuguzi aliyekupokea siku ulipochanganyikiwa ndiye anayekuja nyumbani kutazama kama umekula, na ukidaiwa kodi, wenzake wanazungumza na mwenye nyumba. Ukikimbizwa hospitali kuu usiku, watu wa kituo chako wanakufuata huko.

Ni mtindo unaodai wafanyakazi wengi, na wa zamu za usiku pia. Lakini angalia unachopata. Mtu hajalala siku mbili, ameanza kufunga madirisha mchana. Daktari mgeni angeandika "anakosa usingizi" na kumwongezea kidonge. Muuguzi aliyemzoea miaka minne anakumbuka kwamba hata mara iliyopita mambo yalianzia kwenye madirisha, anaahirisha safari nyingine na kukaa naye jioni hiyo.