Kuongeza ujuzi na kubadili ujuzi katika kazi za urembo

Mchora hina wa Mombasa au Unguja aghalabu huanza utotoni, akimkorogea shangazi hina na kumshikia bibi harusi mkono usitikisike. Akifika utu uzima anajaza kiganja maua bila kurudia mstari. Sasa tuseme mchoraji huyu amejifunza jambo moja tu: kwamba piko, ile nyeusi tii inayokolea upesi, mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na hauiruhusu kabisa kupakwa kwenye ngozi. Majani ya mhina hayatoi weusi ule. Hutoa rangi ya chungwa inayogeuka hudhurungi, na hutaka saa kadhaa. Piko ikimkataa mtu, hutoka malengelenge yanayofuata michoro ile ile, ua kwa ua. Tena mwili hausahau: miaka baadaye akipaka rangi kichwani, uso unaweza kuvimba.

Mchoraji aliyeyajua haya bado ni mchora hina. Ila sasa anasoma kibandiko kabla ya kukoroga, anamuuliza mteja kama aliwahi kuwashwa, na ana la kumjibu mama wa bibi harusi anayeshikilia kwamba lazima iwe nyeusi. Huko ndiko kuongeza ujuzi, au kunoa ujuzi: kazi ni ile ile, anayeifanya amepanda daraja.

Kubadili ujuzi ni kuhama. Kinyozi aliyesimama miaka mingi, miguu inamuuma, akaamua kujifunza kutengeneza kucha, anahama na wepesi wa mkono na adabu ya kukaa na mteja. Mengine anaanza upya, tena chini ya mtu aliye mdogo kwake. Lazima ajue kwamba jeli ya kucha ikigusa ngozi kabla haijakaushwa kwa taa inaweza kuleta mzio, na fundi anayeishika kila siku yumo hatarini kuliko mteja. Lazima pia afuatilie habari za dawa zenyewe: tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TPO, kiambata kilichokuwa kikisaidia jeli nyingi kukauka chini ya taa.

Mpaka kati ya hayo mawili hauko wazi kila mara. Msusi aliyezoea relaksa, akaanza kupokea wateja wa nywele za asili, je, ameongeza au amebadili? Kwa maoni yangu amebadili. Relaksa hulainisha nywele kwa kuvunja viungo vya ndani vya unywele, na saa ndiyo inayomtawala fundi. Nywele za asili zinataka maji, subira na kuchambuliwa kuanzia nchani. Ni mkono mwingine kabisa.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na haya: kurasimisha ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, kupitia majaribio yake ya gredi, humpima aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha anachokijua tayari. Cheti hicho ni haki yake, na nakitetea kwa nguvu zote, lakini peke yake hakijamfundisha kitu kipya. Faida nyingine ya upimaji ni kwamba huonyesha pengo liko wapi, na hapo ndipo mafunzo yanapopaswa kuanzia.

Kinachokwamisha wengi si uvivu. Wasusi wengi hulipwa asilimia ya kila kichwa, hawana mshahara. Siku moja darasani ni siku isiyo na nauli wala unga, juu ya ada. Mwenye saluni akisema “nendeni mkasome” na kuishia hapo, gharama yote amemtwika msusi, ilhali mteja anayerudi kwa sababu kichwa hakikuungua anawafaidi wote wawili. Akitaka wasome kweli, achague siku ambazo viti viko vitupu, mara nyingi mwanzoni mwa wiki, achangie ada, na awalipe posho ya siku hiyo hata ikiwa ndogo.