Biodizeli haiivi kwa moto mkali

Wengi wanaotengeneza biodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli, nyumbani kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika huamini kwamba moto ukizidi, kazi huisha haraka. Sivyo. Methanoli, alkoholi inayochanganywa na mafuta ili yageuke biodizeli, huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi. Ukifika hapo hugeuka mvuke na kutoroka, na mafuta hubaki hayajageuka yote. Nyuzi 55 zinatosha.

Wala usiitegemee themostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto, peke yake: hupima joto pale ilipo tu, ilhali uso wa hita ni wa moto zaidi, na swichi yake huweza kutoa cheche. Pasha mafuta kwanza, zima umeme ukutani, ndipo uongeze methanoli yenye kichocheo (kemikali inayoharakisha mafuta kugeuka), nje penye hewa. Tafadhali usipuuze: mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana.